Magugu Niliyompelekea Shemeji

Jumatatu, 6 Mei
Sera mpya ya njia za maji imefika! Bosi ametusomea ofisini, sisi wasimamizi wa vipande vya mto, feni ikimpeperushia kurasa. Alhamisi anakuja mkaguzi. Atapita kila kipande, kisha atatoa boti moja ya injini. Boti! Mtumbwi wangu unavuja: mkono mmoja kasia, mwingine kopo la kutolea maji. Mgongo umekwisha. Hiyo boti ni yangu. Tatizo ni shemeji tu, kaka wa mke wangu, msimamizi wa kipande kinachofuata huko chini. Kwake pasafi kama sahani. Mama mkwe hachoki kunikumbusha.

Jumatano, 8 Mei
Leo nimetumia akili. Maji yanateremka kwenda kwa shemeji. Ya nini kung'oa magugumaji? Nimeyasukuma kwa upondo tangu asubuhi. Yameondoka yenyewe, kisiwa kizima, ndege wamekaa juu. Mikono imechubuka, roho kwatu. Mke ameuliza nacheka nini peke yangu. Nimemwambia ni mambo ya kazi.

Alhamisi, 9 Mei
Mkaguzi amenisifu. Nikatanua kifua. Akaenda kwa shemeji, akashika kichwa. Kisha akafungua ukurasa ambao bosi hakuufikia, maana Jumatatu saa ya chai iliingia.

"Boti inakwenda penye magugu mengi," akasema. "Penye usafi ya nini?"

Jamani! Nimempelekea shemeji boti kwa mikono yangu mwenyewe. Mama mkwe amempigia kumpongeza. Kwa simu yangu.

Jumatatu, 13 Mei
Bosi anasema kwangu hakuna kazi tena, basi niwe msaidizi wa shemeji botini. Imeniuma, sifichi. Shemeji akanipa kiti cha nyuma.

"Pumzisha mgongo, shemeji. Ule mtumbwi umekutesa."

Heri angenitukana.

Jumanne, 14 Mei
Nimegundua kitu! Sakafuni, karibu kabisa na kiti changu, kuna kizibo cha kutolea maji. Kinafunguka kwa vidole. Kesho mkaguzi anakuja kutazama boti inavyofanya kazi, naye atasimama ukingoni. Ikizama mbele ya macho yake, shemeji kwisha! Nitakifungua tukifika katikati, penye kina. Safari hii mpango hauna kasoro. Mke ameuliza nitajifunza lini kuogelea. Nimemjibu kwamba msaidizi wa boti haogelei, anakaa.