Munganga wa Gahanna

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Barua pepe kutoka chuoni, Louisville. Nisipopata msimamizi kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, nafasi yangu ya Januari anapewa mwingine. Msimamizi ni nesi mtaalamu au daktari atakayekubali nikae naye kliniki, nipime wagonjwa yeye akiniangalia. Chuo hakimtafuti. Nimtafute mwenyewe!

Leseni ya unesi ninayo. Digrii ninayo. Masomo ya darasani nimeyamaliza kwa kompyuta huku nikisinzia. Bado hatua hii tu, halafu nami niwe nesi mtaalamu: nimpime mtu, niseme anaumwa nini, nimwandikie dawa. Nimechoka kumpigia daktari simu kuomba ruhusa ya panadoli.

Nimepiga simu kliniki zote za hapa Whitehall. Wana wanafunzi tayari. Moja ilinikatia nikiwa bado najitambulisha.

Dada yangu Kanyana anasema niende kwake Buffalo, eti West Side kliniki ziko kila kona. Nimemweleza kwamba chuo kinataka nifanyie Ohio, leseni yangu ni ya huku. Akasema basi niombe Mungu. Nimeomba. Na mpango ninao.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango ni Angelika. Mtanzania, nesi mtaalamu katika kliniki ndogo Gahanna, mji wa jirani, na tunasali kanisa moja. Mtu mwingine angemwomba tu. Ushamba! Ukimwomba mtu moja kwa moja unampa nafasi ya kukataa. Mimi nitakwenda kama mgonjwa. Anizoee, anione nilivyo na akili, halafu aseme mwenyewe.

Mke wangu Isimbi ameuliza kwa nini nisimwambie Jumapili baada ya ibada. Nimemjibu kwamba haya ni mambo ya wasomi. Amecheka mpaka akaketi.

Nimepata miadi ya kesho. Ugonjwa: kichwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Balaa.

Nilimwambia Angelika kichwa kinauma upande wa kushoto. Baadaye nikasema kulia. Akaandika vyote. Nikachomeka maneno makubwa ya kitabuni ili ajue mimi si mgonjwa wa hivi hivi. Akasema wagonjwa wanaojitibu mtandaoni wanamchosha. Akanipima presha. Akapima tena. Akabadilisha mkono.

Iko juu kweli! Mimi, ninayepima presha za watu kutwa! Nimetoka na vidonge na amri ya kupunguza chumvi. Habari ya msimamizi hata sikupata pa kuigusia.

Mlangoni nikakutana na nani? Trevor Mwaura! Mkenya, tuko wodi moja, chuo kimoja, muhula mmoja. Amevaa tai. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi, amekuja kumwomba Angelika awe msimamizi wake. Hivyo hivyo, kavu! Nilimhurumia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Angelika amemkubali Trevor.

Ameleta keki kazini kusherehekea. Nimekula vipande viwili kwa hasira, nikakumbuka presha, cha tatu nikakiacha. Mlango umefungwa. Nani anachukua wanafunzi wawili?

Jumapili, 12 Oktoba

Mpango wa pili, mtamu kuliko wa kwanza: ushuhuda! Nikimsifu mbele ya kanisa zima, atanikataaje?

Nikasimama. Nikasema, "Bandugu, nilikuwa mugonjwa bila kujua. Donc nikaenda kwa munganga kule Gahanna, akaniokoa. Na ule munganga ni dada yetu Angelika!"

Wakongomani wakapiga makofi. Kwetu Kivu munganga ni daktari, mtu wa hospitali na koti jeupe. Upande wa Watanzania na Wakenya, watu wakatazamana. Kwao mganga ni yule wa hirizi na tunguri! Mama mmoja aliuvuta mkoba wake karibu. Mchungaji, naye Mkenya, akaniuliza kwa upole kama kuna kitu nilichopewa nivae mwilini. Nikasema hapana, cha kumeza tu. Ndipo akashuka kuja kuniombea. Trevor alikuwa amejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika.

Isimbi ndiye aliyesimama kueleza. Kanisa likaangua kicheko. Angelika hakucheka.

Nimelia kidogo kwenye gari. Kule kambi ya wakimbizi tulikuwa tukipanga foleni siku nzima kumwona mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuandika dawa. Nilijiambia siku moja nitakuwa mimi. Bado nataka, nataka sana. Isimbi alinishika mkono mpaka nyumbani, hakunitania hata kidogo.

Jumatano, 15 Oktoba

Trevor anasema kliniki imevamiwa. Bibi zetu wote wa Whitehall! Walisikia kanisani kwamba Gahanna kuna munganga anayejua Kiswahili, wakawaamuru wajukuu wawapeleke. Sasa Kiswahili cha Angelika ni cha Iringa, na cha bibi zetu ni cha milimani, tena wengine ni Kinyamulenge tupu, lugha yetu ya nyumbani. Wajukuu nao wanajibu kwa Kiingereza huku wanatazama simu.

Bibi mmoja alisema ana tansiyo. Trevor, aliyekwenda kuzoea mazingira, akamshauri apunguze mawazo. Bibi akasema mawazo hana, ana tansiyo. Wakazunguka hivyo mpaka Angelika alipompima. Presha, jamani! Kwetu hata mtoto anajua tansiyo ni presha.

Nimecheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba Ijumaa ni keshokutwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Angelika amepiga simu! Nilidhani ni mashtaka. Akasema, "Kaka Mucyo, kwanza, dawa umemeza?" Nimemeza. Pili, nifike kwake kesho asubuhi, anahitaji mtu anayewaelewa wale bibi. Atanisimamia. Sharti moja: nisimwite tena munganga mbele ya Watanzania.

Akaongeza kwamba chumba cha mwanafunzi wa pili kilikuwa wazi siku zote. Kile kichwa cha kushoto na kulia kilimshangaza, akawa anangoja niseme shida yangu. Ningemwomba siku ile, angekubali siku ile.

Nimeruka jikoni mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Ijumaa, 17 Oktoba

Angelika ametia sahihi. Chuo kimejibu: nafasi ya Januari ni yangu. Yangu! Isimbi amepika isombe, kisamvu chetu, bila chumvi. Haina ladha. Nimemaliza sahani, nikaongeza.

Kanyana amepiga kelele kwenye simu. Ameshatangazia West Side nzima kwamba kaka yake ni munganga. Sijakanusha.

Isimbi ameniuliza nimejifunza nini. Nimemwambia: mipango yangu haikosei, ila inachelewa kidogo. Bila ushuhuda wangu, bibi wangefikaje Gahanna? Amekusanya sahani, akaenda kulala.

Sasa, muhula utakaofuata huo wa Januari lazima nikae na msimamizi anayetibu watoto. Trevor amempata mmoja tayari. Amemwomba tu, kavu kavu. Masikini Trevor, bahati ya namna hiyo haiji mara mbili. Mimi nimeshapanga. Krismasi Kanyana anakuja na binti yake, Teta. Mtoto ana afya tele, hana hata mafua. Leo kwenye simu nimeanza kumfundisha kukohoa.