Nani Aonekane, Nani Awe Ukungu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimedhalilishwa ndani ya nyumba yangu, na mjukuu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Tunamwita Kasuku kwa jinsi anavyosema bila kupumua. Anaomba nafasi chuo cha maigizo. Wanataka video ya dakika tatu, isiyokatwa hata mara moja, akitembea na kuigiza. Mwisho wa kupokea ni Jumamosi saa sita mchana. Akikosa, baba yake ameshatoa hukumu: atakaa dukani kwake auze vipuri vya pikipiki. Kasuku na minyororo ya pikipiki! Mtoto atanyauka.

Igizo lenyewe: binti anamuaga mama yake. Mama amekaa kitini, hasemi kitu. Nikajua mama ni mimi. Nilishachagua hata kilemba. Kumbe! Kampa Bi Manukato, bibi yake wa upande wa baba, yule anayenukia kabla hajafika. Nikauliza kwa nini. Kasuku akasema kwa adabu kwamba mama wa igizo ni mtu wa kunyamaza, na Bi Manukato anajua kunyamaza.

Mimi sijui kunyamaza? Nimemweleza kwa nusu saa nzima jinsi ninavyojua.

Basi nimetangaza: mpiga video ni mimi. Kamera ninayo, ya marehemu mume wangu, ile nyeusi kubwa ya kubadilisha lenzi. Imezeeka, ndiyo. Na mimi nimezeeka, nani ananipita kwa kazi humu ndani?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimejaribu. Nikatembea na kamera sebuleni. Video imetoka sebule inarukaruka kama mbuzi. Kasuku akasema nahitaji stebilaiza, kifaa cha kuituliza kamera mkononi.

Nikaenda kwa fundi kamera. Mtu mzima, ana miwani usoni na mingine kichwani anayoitafuta. Akauliza kamera ina uzito gani, pamoja na lenzi na betri. Nikamwambia ni nyepesi, naibeba hata nikiwa na homa. Akasema homa si kipimo. Nikamwambia anihudumie, asinihoji.

Akanionyesha za aina tatu: mpini wenye mota, ya kuegemeza begani, na ya mguu mmoja wa chuma. Akasema kwa kamera za zamani nzito nzito yeye angechukua ya begani. Lakini ile ya mota ina taa ya buluu! Inawaka! Ya begani inafanana na mzigo wa kuni, na kuni nimebeba za kutosha maishani. Nimekodi ya mota. Nimepita mbele ya dirisha la Bi Manukato mara mbili, taa ikiwaka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mota imegoma. Kamera imeinamisha kichwa kama kuku mgonjwa, mpini ukalia nguuu, ukazunguka, ukanizaba kofi.

Bi Manukato alikuwepo. Hakucheka. Alijifunika mdomo kwa leso, yaliyocheka ni mabega. Nikafunga vijiko vitatu vya chuma upande wa pili ili uzito ulingane. Ikazunguka vizuri zaidi. Vijiko viwili mpaka sasa sijaviona.

Nikarudi kwa fundi nikamwambia kanipa kitu kibovu. Aliiweka kamera kwenye mizani mbele yangu, akaniangalia. Hana adabu. Nimechukua ya begani, na nimemwambia niliitaka hiyo tangu jana.

Kisha akanifundisha fokasi, kuilenga lenzi ili mtu aonekane wazi. Kamera hii ukirekodi haimfuati mtu yenyewe. Ukiibonyeza itafute, lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma ikikwaruza kama panya darini, na panya huyo anasikika kwenye video. Dawa ni kuzima swichi ya pembeni, uzungushe pete ya lenzi kwa mkono, na uweke alama mapema: hapa mtu akiwa mlangoni, hapa mezani, hapa kitini. Tena nilibane tundu la kupitisha mwanga na niongeze taa, ili hata nikikosea kidogo watu wote waonekane.

Nikauliza, na tundu likiachwa wazi kabisa? Akasema hapo unayemlenga anaonekana mpaka kope, wengine wote wanakuwa ukungu.

Ukungu!

Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Miaka arobaini nilikuwa mshonaji. Kupima hanifundishi mtu. Nimevuta utepe, nimechora chaki sakafuni Kasuku akanyage wapi, nimetia alama kwenye pete kwa rangi ya kucha. Nyekundu, mlangoni. Nyeupe, mezani. Ya kitini? Ya kazi gani! Kitini kuna Bi Manukato peke yake, kwenye mazoezi yote Kasuku anamalizia mezani. Tundu nimelifungua lote.

Bi Manukato kaja kapaka poda, kavaa hereni zinazofika mabegani. Nikamsifu sana. Nikamwambia kamera itampenda.

Tukaanza. Bega langu, jiwe! Kasuku mlangoni, safi. Kasuku mezani, machozi unayahesabu moja moja. Na nyuma yake Bi Manukato ni uji! Hereni uji, poda uji! Nilibana mdomo nisiimbe.

Halafu Kasuku, roho ikampanda, akaiacha chaki yangu. Akamwendea mama, akapiga magoti, akamlalia mapajani. Nikazungusha pete kushoto. Nikaona mlango. Nikazungusha kulia. Nikaona mguu wa kiti. Dakika nzima ya mwisho, ukungu unalilia ukungu.

Kasuku alipoitazama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema polepole, yeye ambaye hajapata kusema polepole tangu azaliwe, kwamba labda kuuza vipuri si kazi mbaya.

Nikasema ni kosa la kiwanda.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Bi Manukato kafika saa tatu asubuhi, hakujipulizia kitu. Akasema kamera atabeba yeye, mimi nikae kitini. Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniudhi. Kumbe jana jioni alipita kwa fundi: akalibana tundu, akafungua mapazia, akawasha kila taa. Akauliza alama ya kiti iko wapi. Nikasema ilifutika. Akaniangalia, akatoa rangi ya kucha mkobani, akaweka mwenyewe. Ya waridi! Kwenye kamera ya mume wangu!

Kasuku akaniapisha: si neno.

Mara ya kwanza nilipiga chafya. Mara ya pili nilimwambia mtoto asimame wima, maana alikuwa amepinda. Ikafika saa tano na nusu. Kasuku akasema, bibi, nakuomba, hii ndiyo ya mwisho.

Nikanyamaza. Mlangoni nikanyamaza. Mezani nikanyamaza, jasho likinitoka. Kasuku akaja akapiga magoti. Nikainua macho, nikamwona Bi Manukato kaganda kule mbali, machozi yanamtiririka, mkono hauko hata kwenye pete! Nikabweka: "Umesimama kama nguzo! Sogea!"

Kasuku hakupepesa jicho. "Sisogei, mama, mpaka unijibu."

Mimi huyo! Nikamwambia nimjibu nini mtu ambaye moyoni ameshafunga mizigo? Kama ni kwenda na aende, nani kamshika? Avae sweta, ale vizuri, na asijifanye hanijui akikutana na watu wakubwa. Sauti ikanikatikia hapo. Vumbi. Bi Manukato huyo akasogea, akazungusha pete mpaka kwenye waridi lake, akanirekodi nikifuta vumbi.

Hakukuwa na muda wa kurudia. Imetumwa saa sita kasoro dakika tatu. Hakuna aliyenisemesha mpaka jioni.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

KAPATA! Kasuku kapata! Nimeruka mpaka goti likanikumbusha umri wangu, nikaruka tena. Baba yake kakumbatia sanduku la vipuri akalia.

Barua imemsifu kwa kutotoka ndani ya igizo. Imesema pia mama yule ana kipaji, wakauliza alisomea wapi. Alisomea wapi! Nimeisoma barua mbele ya duka, kwa muuza mkaa, na kwa mtu aliyekuwa anapita tu. Kila mmoja nimemweleza siri ya ushindi: alama zangu mbili za kwanza. Ya waridi sikuitaja.

Bi Manukato kaja kunipongeza, kanikumbatia, kasema tumefanya kazi pamoja. Pamoja! Basi nikapata akili, papo hapo, nikiwa bado nimekumbatiwa. Kasuku anatangulia chuoni Jumatatu, na sherehe ya kuwapokea wanafunzi wapya ni Jumanne saa nne. Nimemwambia Bi Manukato ni Jumatano. Siti ya mbele nitakaa mimi, walimu watanijia mimi, yeye atafika kukuta wanafagia.

Kashukuru, masikini, hakushuku hata chembe. Chuo kiko mbali, na gari analo yeye peke yake, kaniahidi kunipitia asubuhi na mapema nisihangaike. Nimemwambia asichelewe. Jumanne saa moja atanikuta mlangoni, nimeshavaa.