Mvinyo wa Povu kwa Ajili ya Modeste

Jumatano, tarehe 9 mwezi wa saba, 2003

Modeste yuko hai! Mdogo wa mke wangu Cibalonza. Miezi kumi na minne bila hata barua kutoka Shabunda, msituni kwenye vita. Tulikuwa tumeshaanza kumtaja kwa sauti ya chini. Leo padre ameleta ujumbe: ndege ndogo itamfikisha Jumamosi asubuhi. Cibalonza amelia, amecheka, ameunguza maharagi. Nimeyala yote.

Léopold, aliyeoa dada mkubwa wa Cibalonza, tayari ametangaza kwamba ataleta mbuzi. Kila mara mbuzi! Mimi nitamshinda kwa akili. Kwenye maktaba ya chuo, ninapofanya kazi, nimekuta gazeti la zamani la Kifaransa: nusu mvinyo wa povu, nusu maji ya machungwa, unywewe kati ya asubuhi na adhuhuri. Na mvinyo ninao! Chupa moja, zawadi ya profesa Mbelgiji, imevikwa suruali yangu ya harusi tangu kabla ya vita ya kwanza, ile ya 1996. Waporaji wamepita mara mbili. Walibeba godoro, redio, hata mlango wa choo. Suruali waliidharau.

Alhamisi, tarehe 10

Maman Godelive, muuzaji wa soko la Nyawera, alikuwa na kikapu cha machungwa ya Nyangezi. Nimefika, kikapu kitupu. Nani kanunua? Papa mmoja, mzee wa kitambi na kofia. Léopold! Hata machungwa hayapendi. Nimemuuliza, amejibu kwamba ni mazuri kwa afya.

Nimenunua ndimu. Chungwa na ndimu ni ndugu.

Jumamosi, tarehe 12

Nimefikiri sana. Mtu anatoka porini kwenye risasi, halafu mimi nimpokee na kizibo kinacholia pa? Hapana. Saa moja asubuhi nimefungua chupa mapema, ndani ya blanketi mbili. Hata panya hakusikia! Nimeziba kwa kigunzi cha mahindi.

Saa nne, ujumbe: ukungu, ndege haikuruka. Labda kesho.

Labda! Cibalonza amekaa mlangoni na shati la Modeste alilolipiga pasi. Nimemwambia ndege huchelewa. Nimekaa karibu naye. Chupa nayo ilikuwa ikipumua fss, fss. Kufikia saa kumi, kimya.

Jumapili, tarehe 13

Ameingia! Tumetoka misa, meza imetandikwa, na huyo hapo. Mwembamba, mukaba wa suruali umemzunguka mara mbili. Akamwambia tu dada yake, “Yaya, niko.” Cibalonza akamshika masikio yote mawili, kama anayehakikisha. Mimi nikatoka kidogo kukagua mparachichi uani. Ulihitaji kukaguliwa.

Kisha kazi. Mvinyo umekufa, maji matupu. Povu nitatoa wapi? Nikaona kopo la bikarbonati, ile ya kulainisha maharagi. Nimepeleka jagi mezani, mvinyo na maji ya ndimu, nikatia vijiko vitatu mbele ya wote.

Hakuna aliyenionya. Povu likapanda, likatoka, likavuka kitambaa cha meza, likashuka kwenye mapaja ya Léopold. Modeste akalitazama, akauliza, “Ile kitu inatafuta nani?”

Halafu akacheka. Akacheka hadi akashika ukuta. Cibalonza akacheka na machozi, hata Léopold, aliyelowa. Nimeshusha pumzi niliyokuwa nimeishikilia, nadhani, miezi kumi na minne.

Kilichobaki kwenye jagi kilikuwa na ladha ya sabuni. Modeste amekunywa glasi mbili. Amesema porini alikunywa vibaya zaidi. Baadaye Léopold amekamua machungwa yake na watu wamesifu. Hilo si la kuandika.

Jumatatu, tarehe 14

Modeste amelala hadi adhuhuri, mlango wazi, akikoroma. Sauti nzuri ajabu.

Avenue yote, mtaa mzima, inazungumzia kinywaji changu! Maman Marcelline, jirani, anamuoza binti yake Merveille mwezi ujao. Amekuja kuuliza kama ni kweli kwetu kinywaji hupanda chenyewe. Nimemweleza kwamba ni ufundi, unahitaji mkono. Ameniomba niwahudumie wageni wa harusi, watu mia mbili.

Nimekubali. Mvinyo sina, machungwa sina, Cibalonza hajui. Lakini maman wa watu alikuwa na wasiwasi, nikamtuliza. Nimemwambia afute oda yote ya bia.