Kumfuta Marcelino kwenye Spika

Jumatatu, 2 Juni 2025

Tumsifu Yesu Kristo, dada Faustina. Kamwene! Hujambo huko Iringa? Goti limepoa? Ulisema simu zangu zinakumalizia chaji, afadhali niandike kila siku kisha nikutumie kwa basi. Haya, naandika. Mimi mzima. Ila nina vita.

Adui ni Marcelino, wa kibanda kinachotazamana na changu hapa Mbalizi. Anauza blanketi na masweta ya mtumba kama mimi. Ana spika ya matangazo. Nami nimenunua yangu. Leo mwenyekiti wa soko, mzee Fanueli, kapita ameziba masikio. Kasema mstari mmoja wa vibanda hauwezi kubeba spika mbili, wateja wanakimbia. Jumamosi, siku ya gulio, atasikiliza matangazo yote mawili. Lililo safi litabaki. Mwingine atauza kwa mdomo wake mpaka baridi iishe.

Kwa mdomo! Na kifua changu hiki! Nikikosa Juni na Julai, nimekosa mwaka mzima.

Nikarekodi papo hapo kwa simu: “Sweta na blanketi za Mama Aroni, zimefuliwa, zimeombewa!” Nikahamishia kwenye memori kadi. Nikachomeka. Spika kimya.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kwa Isakwisa, fundi anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi kule stendi. Kasema simu yangu imerekodi m4a, na spika yangu inasoma mp3 tu. Hilo tu? Nikamshukuru, nikaondoka kabla hajanyoosha mkono. Nikafuta ile m4a mwishoni mwa jina la faili, nikaandika mp3. Nimelibatiza. Spika kimya vilevile!

Nikarudi. Isakwisa kacheka mpaka kamwaga chai. Kasema jina si kitu, ndani kuna kodeki, yaani namna sauti ilivyofungashwa. Ukiandika “sweta” juu ya belo la soksi, mama, ukilifungua utakuta soksi. Nikamwambia belo la namna hiyo nimeshauziwa, tena na mtu wa jumuiya yetu.

Kaligeuza kwa kompyuta. Likaimba! Lakini sauti nyembamba, mbio mbio, kama panya aliyebanwa na mlango. Marcelino kavuka njia kuniuliza mjukuu amefika lini. Nikamjibu kwamba Mungu anamwona.

Jumatano, 4 Juni

Isakwisa kasema faili liliandikwa kwa kasi moja, spika inalisoma kwa kasi nyingine. Kalirekebisha. Sasa ni mimi mwenyewe, sauti nzito ya mwanakwaya! Nikafumba macho kwa furaha. Nikayafumbua. Humo humo ndani ya tangazo langu, nyuma yangu, Marcelino! “Baridi haina undugu, jifunike na Marcelino!” Mwanamume mwenye mke wa ndoa anawaalika wake za watu wajifunike naye, na mimi namsindikiza!

Isakwisa kashauri nikarekodi upya nyumbani, kwenye utulivu. Nimekataa katakata. Nihame kibanda changu kwa ajili ya Marcelino? Daudi alimwomba Goliathi wakapigane nyumbani? Atatoka yeye.

Alhamisi, 5 Juni

Dawa ipo! Inaitwa kichujio. Unakionyesha kelele ikiwa peke yake, kinaikariri, kisha kinaichomoa kote ilipo. Pale nilipovuta pumzi, Marcelino anasikika peke yake. Isakwisa kapaweka alama. Kasema hii ndiyo kelele yenyewe. Sijasikia neno tamu kama hilo nje ya kanisa.

Nikaomba nibonyeze mwenyewe. Kumfuta Marcelino ni kazi ya mkono wangu. Isakwisa kaeleza: kitufe cha juu kinaondoa kelele, cha chini kinabakiza kelele tu, ni cha kukagulia kilichotolewa. Mara mteja akamwita nje. Nikatafakari. Marcelino yuko chini ya sauti yangu, siyo? Basi cha chini ndicho cha kumtoa aliye chini. Nikapiga ishara ya msalaba. Nikabonyeza.

Nikavaa hedifoni nikague. Nikamsikia Marcelino. Jamani, mdomo wake unafika mpaka stendi! Nikafunga dirisha la fundi, nikavaa tena. Bado. Nikamhurumia. Mtu hapigi kelele vile kama hajui kwamba amekwisha. Nikahifadhi faili kwenye kadi, nikakimbilia rozari.

Ijumaa, 6 Juni

Nimefunga na kusali. Spika sijaiwasha, silaha haionyeshwi kabla ya vita. Nimempa Marcelino pole. Kauliza pole ya nini. Nikasema, utaijua tu, kaka.

Jumamosi, 7 Juni

Gulio limejaa. Nikawasha, sauti ya mwisho. Marcelino naye kawasha. Ajabu, nilimsikia yeye tu. Nikaongeza sauti. Akazidi! Nikaongeza tena. Akazidi tena! Wateja wote wakavuka kwenda kwake. Nikaanza Salamu Maria.

Mzee Fanueli kafika, kasimama katikati. Kageukia kwa Marcelino. Kageukia kwangu. Kaniangalia kwa upole, kama mtu aliyekuja msibani. Kamwambia Marcelino azime. Kazima.

“Baridi haina undugu, jifunike na Marcelino!” Mezani kwangu! Na mimi kwa mbali sana, kama niliyetumbukia kisimani: “...mbewa!”

Soko zima likalia kwa kicheko. Mzee Fanueli kasema, Mama Aroni, huu ndio moyo wa Kikristo, hata wewe umempigia kura mwenzio. Spika ya mstari ni ya Marcelino. Marcelino mwenyewe kaja kunishika mikono yote miwili, machozi yanamlenga. Kasema hajapata jirani kama mimi. Nikamwambia karibu sana. Ningesema nini?

Nimeuza kwa mdomo. Mchana sauti ikakata. Sweta moja, la mtoto.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Padre kahubiri jinsi mitume walivyosema na kila mtu akasikia kwa lugha yake. Mbele kidogo kulikuwa na habari za kusameheana, sikuzifuata vizuri, nilikuwa nimeshaingia kazini. Kila mtu kwa lugha yake! Marcelino ana Kiswahili tu. Mimi nitatangaza Kinyakyusa, Kisafwa, Kisangu na Kihehe. Na mwenyekiti? Kakataza spika kwenye mstari. Bajaji haiko kwenye mstari, inapita. Mwenye bajaji nimempata kabla ya komunyo. Wakati wa kutakiana amani Marcelino kanikumbatia. Nikakubali. Hajui.

Basi dada, Kihehe ni chako. Rekodi hapo hapo kwenye meza yako ya vitunguu, usijifungie ndani kama mwizi. Yule jirani yako wa sumu ya panya akipayuka, mwache apayuke. Kichujio nakijua sasa. Safari hii Isakwisa hatanichanganya na maelezo yake mengi. Nitabonyeza mwenyewe, kile kile cha chini, ila mara mbili.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Veneranda