Siku Tano za Tausi

Jumatatu, 2 Februari
Nimempata mteja. Saidi, mwenye mbwa tisa wa kulinda maghala ya tumbaku, amechoshwa na bei ya dagaa anaowalisha. Nimemweleza kuhusu funza ninaowafuga kwenye mapipa nyuma ya nyumba. Wakikaushwa na kusagwa, protini tele, mafuta tele. Akasema hataki hotuba, anataka kuona mbwa. Nimlishe mmoja, asiwe wa kwake, siku tano. Akinenepa, nitalisha wote tisa. Sina mbwa. Mama mkwe anaye.

Jumanne, 3 Februari
Mtaa wa Kitete, asubuhi. Nimemwamkia mama mkwe, Mama Apolinaria, nusura nipige magoti. Tangu afiwe na mumewe anaishi peke yake; mbwa wake jike, Tausi, ndiye anayelala mlangoni. Nikasema nampeleka kuogeshwa dawa ya kupe. Kanitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. Kaniruhusu. Kwenye mizani ya tumbaku ya Saidi: kilo kumi na nane. Jioni Tausi kala funza wote, kalamba na sahani.

Jumatano, 4 Februari
Tatizo. Anakula mno. Pipa zima limekwisha! Mbwa tisa watanifilisi. Nimesaga maganda ya mpunga, nikachanganya: kopo moja la funza, makopo matatu ya maganda. Rangi ileile. Hata mimi nimeshindwa kutofautisha.

Alhamisi, 5 Februari
Tumbo la Tausi limejaa kama ngoma. Unene huo! Mama mkwe kapiga simu mara mbili. Kasikia mtu akigusa dirisha lake, na mlangoni hakuna mbwa. Nikajibu dawa haijakauka. Kakata simu.

Ijumaa, 6 Februari
Tausi hasimami. Choo hakuna. Nikimwita anatikisa mkia kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza. Nimemwita Daktari Josepha wa mifugo. Kaminya tumbo, kauliza anakula nini. Funza, nikasema. Kauliza tena. Funza, nikasema tena. Hapo bodaboda ikasimama nje, mama mkwe kashuka. Hakunifokea. Kaketi chini, kaweka kichwa cha mbwa mapajani.

"Mkwe wangu, sema ukweli," alisema. "Mwaka huu nimeshazika. Sitaki kuzika tena."

Nikasema. Maganda, makopo matatu.

Daktari kaeleza kwamba funza hawana kosa lolote, wangemnenepesha vizuri. Maganda hayasagiki tumboni, ndiyo yaliyoziba. Kamtundikia dripu, kampa dawa ya kulainisha choo, kisha kasema sasa ni kusubiri. Tukasubiri watatu, jua likazama.

Jumamosi, 7 Februari
Alfajiri Tausi kapata choo. Sijawahi kufurahia kitu kama kile. Saa mbili kasimama mwenyewe, kanywa mchuzi. Saidi kaja na mizani yake: kilo kumi na sita. Karudi kwenye dagaa. Mama mkwe kamfunga Tausi kamba, kaondoka naye bila kuniaga.

Mchana kutwa nimetafakari kosa langu kwa uaminifu. Nimeliona. Ni mbwa. Mbwa akikonda, mbavu zinamsema mpaka barabarani. Maganda bado ninayo magunia mawili, na jirani yangu Swaumu anafuga kuku mia mbili. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwake.

Kuku ana manyoya.