Kikao cha Balungi

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji ametangaza vita. Kwa upole, lakini vita. Amesema stoo ninayolala inatakiwa kwa mashine ya mvuke anayopumulia binti yake, hivyo hadi Jumapili niwe nimepata pa kwenda. Nilikuja kwa wiki mbili. Imetimia miezi kumi na minne tu!

Jibu nimelipata kabla chai haijapoa. Mtu anayehitajika hafukuzwi. Dada yangu ana saratani ya damu, anameza vidonge asubuhi na jioni. Binti yake, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani na maswali, alizaliwa na ugonjwa wa mapafu, ule unaofanya makohozi kuwa mazito kama gundi. Naye ana vidonge vyake. Nyumba nzima haina msimamizi wa dawa. Nimejiteua.

Sifa ninazo. Miaka kumi na moja katika baraza la usuluhishi la soko. Mimi ndiye niliyempatanisha muuza nyama na muuza samaki. Kila upande unaachia nusu, wanapeana mikono, kwisha habari.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma karatasi za dawa. Ugomvi wa wazi! Kidonge cha Dada kinataka tumbo tupu: saa mbili kabla bila chakula, saa moja baada bila chakula. Kidonge cha Profesa kinataka chakula chenye mafuta, la sivyo hakifanyi kazi. Watu wamekaa na mgogoro huu mezani na hakuna aliyestuka.

Nikakata mzizi wa fitina. Saa moja na nusu asubuhi, dawa zote pamoja, kila mgonjwa nusu yai la kukaanga.

Profesa akaniuliza kama ninafahamu kwamba yeye na mama yake wana matumbo mawili tofauti. Dada akacheka mpaka akashika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aanze matibabu, nikafurahi, ingawa nilikuwa ninachekwa mimi. Akameza kidonge chake tumbo tupu kama kawaida. Profesa akala mayai mawili mazima na parachichi.

Nusu zote mbili nimekula mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Jambo zito. Karatasi zote mbili, ya Dada na ya Profesa, zinamkataza balungi. Dawa ambazo hazielewani kwa lolote zimeungana kumchukia mmoja. Katika baraza letu hiyo tuliiita njama.

Tena hakuna mahali palipoandikwa kwamba balungi alisikilizwa. Haki gani hiyo?

Nikanunua kikapu cha mabalungi. Nikakamua glasi moja, ya ushahidi tu, nikampa Dada aliporudi kufua. Hakuuliza ni nini. Tangu utotoni anakula ninachompa. Alikuwa amekunywa zaidi ya nusu Profesa alipoingia, akanusa glasi, akabadilika rangi.

Akampigia mfamasia wa kliniki. Mfamasia akazungumza na daktari, kisha akaagiza: Dada asimeze kidonge cha jioni, na kesho asubuhi aende akapimwe moyo. Shemeji hakunigombeza. Alikwenda kutafuta viatu vya Dada vya kutokea, akaviweka karibu na mlango. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Benchi gumu. Dada ndani, waya kifuani. Sisi nje, Shemeji upande ule, mimi upande huu.

Mfamasia alitoka kutueleza. Ini ndilo linalovunja dawa hizi na kuziondoa mwilini. Balungi huzuia kazi hiyo, dawa inarundikana kwenye damu, na dawa ya Dada ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ya Profesa nayo huzidi vivyo hivyo. Akaongeza kuwa danzi, lile chungwa chungu, lina tabia hiyohiyo. Kitu chochote kipya, tumuulize kwanza. Nikaitikia kwa kichwa mara nne.

Moyo wa Dada uko salama. Wamemruhusu kuendelea na vidonge. Alitoka akinitazama mimi kwanza.

“Mdogo wangu,” akasema, “mwili wangu si soko.”

Nikaenda chooni nikalia. Nampenda dada yangu kuliko mtu yeyote. Ningemuua kwa glasi moja, na glasi yenyewe niliioshea sabuni mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekuta sanduku langu limepangwa vizuri mlangoni. Shemeji anakunja nguo vizuri kuliko mimi.

Dada amenitetea. Ninabaki, ila kwa sharti: nisiguse chakula cha mtu, nisiguse dawa. Kazi yangu ni kugonga kengele saa za vidonge zinapofika. Mashine ya mvuke inakuja stoo, nami nitalala pembeni yake.

Kwa maneno mengine, nimethibitishwa kazini.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbili za kengele bila dosari. Hata Shemeji amesema nagonga kwa wakati. Dada amekula vizuri, Profesa amepanda ngazi bila kusimama. Nimetulia kabisa. Nimejifunza.

Mabalungi yaliyobaki nimeyarudisha kwa muuza matunda. Hapendi kurudishiwa, hivyo tumesuluhishana: amenipa kikapu cha madanzi.

Ni kweli mfamasia alimtaja danzi. Sikatai. Lakini alimtaja danzi akiwa hayupo! Balungi alipata angalau glasi moja ya kujieleza. Nimeandika wito wa kikao, kesho saa moja na nusu asubuhi, nakala kwa wote.

Profesa amejibu kwa kutia kufuli mlango wa jikoni.

Nimeingiza kwenye kumbukumbu: upande wa pili unaogopa ushahidi.