Jina Langu kwenye Ubao wa Ukumbini

Jumatatu, 3 Juni
Shule yangu ya sekondari inatimiza miaka sitini. Wametundika ubao ukumbini: WALIOTUTOA KIMASOMASO. Majina kwa rangi ya dhahabu. Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Daktari wa Meno! Tulikaa dawati moja, akininakili hesabu. (Sawa, mimi ndiye niliyenakili. Lakini dawati lilikuwa letu sote.) Jina lake ni la kwanza kabisa. Langu halimo. Mama alifagia ukumbi ule miaka ishirini na miwili, akifuta vumbi kwenye picha za watoto wa wenzake. Lazima alione jina la mwanawe kabla macho hayajamwishia. Nimeapa.

Jumanne, 4 Juni
Nimejitolea kuandika historia ya shule. Ujanja mtupu! Mwenye kalamu hajisahau. Mkutubi, mama mmoja asiyejua kucheka, amenifungulia kabati la kumbukumbu. Nimejitafuta kutwa nzima. Daftari la washindi: simo. La wanamichezo: simo. La adhabu: nimo mara arobaini na moja! Ya mwisho ni ile ya saa ya ukumbini. Niliisogeza mbele ili tutoke mapema, ikakwama saa tisa na dakika kumi. Mpaka leo. Na mimi siku hizi ni fundi saa! Mkutubi akauliza kama hilo nalo ni historia. Nimelifunga daftari.

Jumatano, 5 Juni
Nimejaza fomu ya kamati ya kuomba jina liingie ubaoni. Kazi: mtaalamu wa nyakati. Wajumbe saba, kura sifuri. Daktari wa Meno amenirudishia fomu akitabasamu meno yote thelathini na mawili. Mkutubi akanifariji kwamba walio hai wana taabu. Marehemu hawapigiwi kura, eti ni kukosa adabu. Fomu zao huenda moja kwa moja kwa mchoraji wa ubao.
Lo!

Alhamisi, 6 Juni
Fomu nyingine. Nimetia alama penye "marehemu". Penye mtoa taarifa nimeandika "jamaa wa karibu", na nani wa karibu kuliko mimi? Mchoraji hanijui. Akanipa pole, akauliza nilikufa na nini. Yaani, marehemu. Nikasema ghafla tu. Neno "Marehemu" huliandika kwa herufi ndogo, jina kwa kubwa. Macho ya Mama yatasoma kubwa. Nina akili jamani!

Jumamosi, 8 Juni
Balaa! Ukumbi umejaa pomoni, Mama kiti cha mbele. Sikujua kwamba majina yatasomwa kwa sauti. Mwalimu Mkuu akaomba wote wasimame dakika moja kuwakumbuka marehemu, akaanza na mimi. Watu wakainamisha vichwa. Nami nikainamisha, ningefanyaje? Mama peke yake hakusimama. Kwa sauti ile aliyowafukuzia wenye viatu vya tope, akasema huyo marehemu asubuhi amekunywa chai vikombe viwili na mkate ameumaliza yeye. Ukumbi ukaangua kicheko. Daktari wa Meno alicheka mpaka nikamhesabu magego. Nilitamani ardhi inimeze.
Njiani Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema hakuwahi kutaka jina ukutani. Miaka yote ile alitaka kitu kimoja: saa ile itembee, ajue muda wa kurudi nyumbani kwa mwanawe. Nililia. Shajara haidanganywi, nililia.

Jumapili, 9 Juni
Kamati imeamua: nikiitengeneza saa, neno "Marehemu" litafutwa na jina litabaki. Kumbe wana utu! Mama amefurahi, shati langu amelipiga pasi mwenyewe. Nimeachiwa ukumbi mtupu, ngazi, na kopo la rangi ya dhahabu iliyobaki. Nimepanda. Sikujua kwamba ukiwa juu ya ngazi, ubao unaufikia kwa mkono. Jina la Daktari wa Meno liko palepale, la kwanza, na mbele yake kuna kinafasi. Neno moja dogo linaenea.
Saa ingoje kidogo. Imeshazoea.